"Wape Elimu": Jibu Langu kwa Kamati ya Harusi

Jumamosi nilikuwa kwenye kikao cha harusi huku Njiro, Arusha. Ahadi zimeshasomwa, soda zimegawiwa, mjumbe mmoja akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nashughulika na simba na fisi wanaokula mifugo Simanjiro. Hakuhitaji hata kufikiri: "Aa, hao wafugaji shida yao elimu tu. Wakielimishwa wataacha kuua simba." Meza nzima ikatikisa vichwa kukubali. Maneno hayo nimeyasikia kwenye daladala, msibani, na katika maazimio ya kila semina niliyowahi kusainia posho. Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikuwa sijalipa mchango wangu. Leo nimelipa.

Elimu ipi? Mtoto wa miaka tisa anayechunga ndama Loibor Siret, mwonyeshe nyayo kwenye vumbi. Atakwambia hii imeacha alama za kucha, ni fisi; ile haina, ni simba, na amepita kabla ya umande. Ndugu yangu wa kamati simba anayemfahamu vizuri ni yule wa kwenye noti ya elfu mbili. Halafu yeye ndiye amwelimishe nani?

Wanaonipigia simu alfajiri hawaniambii "mnyama mkali ameua". Wananitajia mnyama. Kazi yangu ni kwenda kuukagua mzoga. Simba hukaba koo, au hufunika pua na mdomo mpaka pumzi ikate, na mabegani huacha makucha. Chui naye ni wa koo, lakini matundu ya meno yake yamekaribiana, na mbuzi mara nyingi utamtafuta juu ya mti. Fisi hana ustaarabu huo. Anaanzia nyuma, kwenye kiwele na tumbo, na mifupa anaitafuna. Kisha unachuna ngozi. Mnyama aliyeng'atwa akiwa hai, damu huvilia chini ya ngozi pale meno yalipoingia. Aliyekufa usiku kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, fisi akaja kujisevia, hana damu iliyovilia. Shida ni kwamba simba akishaua, fisi wanafika baadaye na kula ushahidi wote. Ipo mizoga niliyoiandika "fisi" mkono ukisita, na fomu haina kisanduku cha kusita.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu wa mjini wanaponichosha. Katika boma nyingi ninazozunguka, anayerudi usiku baada ya usiku ni fisi. Anachukua mbuzi, kondoo, na mbwa wa boma. Simba anakuja mara chache. Lakini mkuki unamwendea simba. Utafiti wa Bernard Kissui kandokando ya Tarangire, uliochapishwa 2008, ulikuta jambo hilohilo: fisi na chui wanakula wanyama wadogo, simba anakula ng'ombe na punda, na simba ndiye anayelipiziwa kisasi zaidi. Ingekuwa ni ujinga au chuki tu, fisi angekuwa ameshaisha. Hakuna anayempenda. Kuna hata sehemu wanaamini wachawi wanampanda usiku kama bodaboda.

Sababu ni hesabu. Mbuzi ni mbuzi, lakini dume zuri la ng'ombe mnadani linaweza kupita milioni moja, na hilo ni ada ya mtoto, ni mahari, ni matibabu ya bibi. Tena fisi akishakula anatokomea, kesho utamfuata wapi? Simba anarudi kwenye mzoga wake, au analala kichakani mita mia tatu, ameshiba. Anapatikana. Juu ya hapo kuna heshima. Morani aliyemkabili simba ana jina, na wazee wanaijua ala-mayio, ile desturi ya morani kuwinda simba, hata kama siku hizi wanaipiga marufuku. Aliyemchoma fisi hana cha kusimulia.

Na mitazamo ya wafugaji kuhusu simba inapimwaje? Kwa dodoso. "Je, unampenda simba? Sana, kiasi, sina maoni, simpendi, simpendi kabisa." Nimelibeba dodoso hilo boma kwa boma. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akaangalia nyuma yangu, akauliza, "Mwanangu, gari hilo ni la nani?" Nikamuuliza kwa nini anataka kujua. "Kama ni la hifadhi, nampenda sana. Kama mmeleta kifuta jasho cha mifugo iliyoliwa, simpendi kabisa. Kama ni lako mwenyewe, shuka tunywe chai tuzungumze." Tulikunywa chai. Kwenye dodoso niliandika "sina maoni", na jibu hilo limo kwenye grafu ya rangi nzuri ambayo huenda umeshaiona ikionyeshwa ukutani hotelini.

Katika mazungumzo ya chai ndipo utaelewa kwamba kupenda, kuvumilia, kuogopa na kuheshimu ni mambo manne, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote asubuhi moja. Ninamfahamu mtu aliyeniambia bila kupepesa macho kwamba simba wote wafe. Ameliwa mbuzi kumi na mmoja, na hajawahi kutoka na mkuki. Mwingine alinijibu "nampenda sana, anatuletea watalii", na wiki tatu baadaye alikuwa mbele ya kundi la kufuata nyayo. Hakunidanganya. Siku ile alipenda. Kilichobadilika ni kwamba simba alikuwa amemrudia mara ya tatu mwezi mmoja.

Hilo la watalii nalo lina mkia. Mapato yakija, yanakuja kwa kijiji au kwa jumuiya ya hifadhi: darasa, zahanati, jambo jema. Ng'ombe aliyeliwa ni wa Yeyo fulani, mama mmoja, peke yake. Darasa halimrudishii maziwa. Kifuta jasho chenyewe, tangu kanuni za 2011, kimeitwa jina la kweli: kinafuta jasho. Si fidia. Wanaoahidi "fidia" mikutanoni halafu wakapotea ndio wananiharibia kazi kuliko simba.

Turudi kwenye boma. Watu hudhani simba huruka ua wa miiba, akanyakua ng'ombe, akaruka naye nje kama kwenye katuni. Hutokea akaingia, ndiyo. Lakini mara nyingi anapita tu upande upepo unakotoka, au ananguruma. Ng'ombe wanapata harufu, wanachanganyikiwa, wanabomoa ua wao wenyewe kutokea ndani na kukimbilia gizani. Huko ndiko wanakouawa. Kwa hiyo ukuta hai, ule wa miti ya jamii ya Commiphora inayochipua ukichomeka tawi, na wavu wa senyenge umefungwa kwenye miti hiyo, unafanya kazi mbili: unamzuia simba kuingia, na unamzuia ng'ombe kutoka. Ya pili ndiyo iliyonishangaza mimi nilipoanza. Ukishauelewa mwendo huo, utaona kwa nini namkagua fundi kwenye mlango kuliko kwenye ukuta. Ukuta mzuri wenye mlango wa matawi ya kuburuza kwa mkono ni kazi bure.

Na mchana je? Mchana ukuta haupo. Ng'ombe wako malishoni na mchungaji wao. Hapa ndipo neno "elimu" linaponichekesha kwa uchungu, maana elimu imefika kweli. Vijana wako shuleni, na wanastahili kuwa huko. Mifugo inabaki na mtoto mdogo zaidi, au kibarua asiyeijua mbuga. Jioni wanahesabu, wanakuta wanne wamebaki porini. Hao wanne ndio chakula cha simba. Upande wa Amboseli, Kenya, watu wa mradi wa Lion Guardians (Walinzi wa Simba) tangu 2007 wanawaajiri morani wenyewe, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kutafuta mifugo iliyopotea kabla ya giza. Hakuna semina hapo. Kuna kijana anayejua nyayo, na analipwa.

Sumu niiseme haraka kwa sababu inanitia hasira. Anayeweka dawa ya wadudu kwenye mzoga haonekani, hahitaji ujasiri, na hachagui. Februari 2018, jirani na Ruaha, simba 6 na tumbusi 74 walikufa kwenye tukio moja. Morani mwenye mkuki walau wazee wanaweza kumwita na kusema naye.

Mimi nami nina mashaka yangu. Simba akizuiwa kwenye boma lenye wavu, njaa yake haishi. Naamini baadhi yao tumewahamishia kwa jirani asiye na uwezo wa kuchangia gharama ya wavu, na huyo jirani hayumo kwenye picha za uzinduzi. Taa za kumwekameka, kama zile alizobuni kijana Richard Turere karibu na hifadhi ya Nairobi, nazipenda, lakini fisi wa kwetu nimeona akizizoea ndani ya msimu. Na yapo mauaji tuliyoyazuia kwa kumfikia mtu mapema, ambayo kwenye ripoti tumeyaita mafanikio ya ukuta, kwa sababu ukuta unapigika picha.

Mvua zimeanza. Pundamilia na nyumbu wameshatoka Tarangire kuja uwandani, na simba wako nyuma yao. Jana usiku nimepigiwa simu: kuna boma ambalo ukuta ni mzima lakini mlango wa bati la pipa umeng'oka bawaba, wameuegemeza kwa mawe. Nimenunua bawaba mbili soko la Kilombero hapa Arusha. Kesho saa kumi alfajiri natoka, kwa hiyo kikao cha Jumamosi ijayo mniombee udhuru.