Uzoefu wa kuishi na ulemavu: maana yake katika kutunga sera

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeishi na ulemavu anajua mambo ambayo daktari, wakili na mhasibu wa serikali hawawezi kuyapata vitabuni. Ujuzi huo ndio unaoitwa uzoefu wa kuishi na ulemavu, na sera ya taifa inapotungwa unastahili kiti mezani pamoja na wao.

Lakini uzoefu wa nani? Chukua matatu inayotoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda mtaa wa Kayole. Anayetumia kiti cha magurudumu anakwama kwenye ngazi za mlangoni, na pengine anadaiwa nauli ya kiti kana kwamba ni gunia la viazi. Asiyeona anapanda vizuri, ila namba iliyo kwenye kioo lazima aulize. Kiziwi ameiona namba. Kinachompita ni kondakta anapotangaza kwamba leo gari linaishia Donholm. Mwenye usonji (autism) huenda akalemewa na muziki kabla ya kufika nusu ya safari. Gari ni lile lile. Ukimwita mmoja tu kwenye kamati, utajenga rampu, yaani mteremko wa kupandishia kiti cha magurudumu, na kudhani umemaliza. Hata hiyo rampu haimsaidii mwenye ualbino, ambaye haja yake ni losheni ya kukinga ngozi na jua. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya.

Wanaosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni wenye ulemavu wa akili, kwa sababu daima yupo mtu wa kuwasemea. Mama wa Mathare anayembeba mgongoni kijana wake mwenye mtindio wa ubongo ana mengi ya kusema, na asikilizwe. Ila kijana naye aulizwe.

Hili si suala la hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unazitaka serikali katika Kifungu cha 4 zishauriane nao kwa karibu, wakiwemo watoto, kupitia mashirika yao wenyewe. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inataka hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma wawe watu wenye ulemavu.

Kwa vitendo, tangazo la gazetini Jumatatu kuhusu kikao cha Alhamisi halimshirikishi mtu. Rasimu itumwe mapema, kwa breli na kwa lugha nyepesi. Mkalimani wa lugha ya ishara awepo tangu salamu ya kwanza. Nauli ilipwe, ya mhusika na ya msaidizi wake, maana anayetoka Turkana hawezi kufika Nairobi kwa mwaliko mtupu. Na rasimu ikirudi, waliotoa maoni waonyeshwe ni ibara ipi iliyobadilika kwa ajili ya maneno yao, ipi iliyobaki vile vile, na kwa nini.