Homa, damu na dripu: tunayoyaamini na yaliyopimwa

Mama ameketi kwenye benchi la zahanati, mtoto anachemka mapajani. Kipimo cha haraka kimetoa mstari mmoja tu: hana malaria. Mama hakubali. "Daktari, nipe tu dawa ya mseto, mwanangu namjua." Ombi hilo nimelisikia mara nyingi, na huniumiza, maana mtoto yule anaumwa kweli, ila anaumwa kitu kingine.

"Homa ni malaria"

Hata sisi watoa huduma tuliamini hivyo. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa wakitibiwa malaria kali. Damu yao ilipoangaliwa vizuri kwa darubini, wenye vimelea walikuwa 2,062, hawakufika nusu. Na waliokufa zaidi ni wale wasio na vimelea: asilimia 12.1, dhidi ya 6.9 ya wenye malaria. Ugonjwa uliokuwa ukiwaua wengi wao haukuwa ule ulioandikwa kwenye faili.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, yakaja matokeo ya watoto 1,005 wenye homa waliopimwa Dar es Salaam na Ifakara. Asilimia 62 ya watoto hao walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, wenye malaria kama asilimia 10 tu. Na ile taifodi tunayoandikiwa kila kona? Haikufika asilimia 4.

Hata hivyo, homa isipuuzwe. Mtoto apimwe kwanza, na kipimo kikisema hapana, chanzo kiendelee kutafutwa.

"Foleni imekuwa ndefu, basi ugonjwa umeongezeka"

Foleni hurefuka hata dawa zikifika kituoni baada ya kukosekana mwezi mzima. Kujua ugonjwa umeenea kiasi gani, watafiti huteua kaya kwa bahati nasibu na kuwapima hata watoto wanaocheza uani bila dalili yoyote. Kwa njia hiyo ndipo tukajua kwamba malaria kwa watoto wa Tanzania wa chini ya miaka 5 ilishuka kutoka asilimia 14 mwaka 2015–16 hadi 7 mwaka 2017, kisha ikawa 8 mwaka 2022. Lakini Tabora peke yake, mwaka huo wa 2022, ilikuwa kama asilimia 23.

"Wanachukua damu wakauze"

Hofu ya mumiani ni ya zamani, nami simcheki mtu anayeikumbuka. Kwa kipimo cha malaria hutoka tone moja la kidoleni. Utafiti hupitiwa kwanza na kamati ya maadili, unasomewa fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, na unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Asiyekueleza hayo, mnyime kidole.

"Wazungu wameshapima, sisi tufuate tu"

Hili ndilo lililotugharimu zaidi. Mtoto mwenye homa kali, mikono baridi, damu haizunguki vizuri: mwongozo wa nchi tajiri ulisema aongezewe maji ya dripu kwa wingi na haraka. Utafiti ulioitwa FEAST ukaamua kulipima hilo katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, zikiwemo za Kilifi na Muheza, ambako wakati huo hakukuwa na vyumba vya uangalizi mahututi kama vya Ulaya. Ulisimamishwa mapema, Januari 2011, ukiwa na watoto 3,141. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya haraka walikuwa wamekufa zaidi ya asilimia 10. Wasiopewa, asilimia 7.3.

Nesi aliyezoea kufungulia dripu ikimbie hakuwa mzembe. Alifuata kilichoandikwa, na kilichoandikwa hakikuwa kimewahi kupimwa kwa watoto kama wale aliokuwa nao wodini. Wenye kuharisha hawakuwemo katika utafiti huo: mtoto aliyekaukiwa maji bado anahitaji maji, na anayahitaji upesi.