Kilo kurudi baada ya opresheni sio lazima tumbo limetanuka

Watu wengi wakishafanya opresheni ya kupunguza tumbo la chakula ili wapungue kilo, ile wanayokata karibu asilimia 80 ya tumbo hilo, halafu mwaka wa nne wa tano kilo zinaanza kurudi, cha kwanza wanachosema ni "tumbo limetanuka, hela yangu imeenda bure". Jamani, si hivyo. Kutanuka kidogo kunatokea kweli, ila mara nyingi shida iko kwingine: mwili ukishapungua unatumia nguvu kidogo kuliko zamani, njaa inarudi taratibu, na wewe ushaanza kudonoadonoa, karanga hapa, nusu chapati pale, soda na juisi zinazopita tumboni bila hata kushibisha. Pombe ndo usiseme. Na kuna dawa zinanenepesha, mfano steroidi.

Zile daieti za siku tano za supu eti "kurudisha tumbo" hazipunguzi tumbo lolote. Anza na protini kwenye sahani, mayai, samaki, maharage, vinywaji vitamu achana navyo, fanya mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, vitamini usiache, na rudi kwa daktari bila aibu maana siku hizi kuna sindano za kupunguza njaa na kilo kama semaglutide, na wengine hufanyiwa opresheni ya pili.