Wimbo Haujaisha, Geuza Santuri

Juzi kijana wa jirani aliingia kibandani kwangu hapa Tanga, akanipa shikamoo, akachomeka flashi kwenye kompyuta bila hata kuomba. "Mzee, zilipendwa zote zimo humu. Hayo masanturi yanakujazia nafasi bure." Akafungua wimbo mmoja wa dansi. Zimepita dakika tatu na ushee, mwimbaji kamaliza beti zake, magitaa ndiyo yanajipanga, mara kimya.

"Umeisha," akasema.

Haujaisha, nikamwambia. Ndio kwanza unaanza.

Kazi yangu ni kuhamisha sauti za santuri na kanda kuzipeleka kwenye kompyuta, kwa hiyo sina ugomvi na mafaili. Lakini santuri ya inchi 7, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja hubeba dakika nne au tano, na bendi zetu zilipiga wimbo hata dakika nane. Basi ukakatwa katikati: sehemu ya 1 upande A, sehemu ya 2 upande B. Maneno yako A. Kule B ndiko gitaa la solo linakoachiwa na saksafoni inajibu, ndiko watu walikokuwa wakitoka jasho. Aliyehamisha wimbo wa yule kijana alikuwa na haraka, hakugeuza. Nusu ikaingia mtandaoni, ikanakiliwa simu kwa simu, na sasa ndiyo inayojulikana kuwa wimbo mzima. Jina lake kwenye flashi: Track 07.

Nikaitoa santuri yenyewe nimwonyeshe. Kwenye lebo lipo jina la bendi, la mtunzi, na mdundo. Ipo na nambari ya toleo. Ukiiinamisha kwenye mwanga, kwenye ule ukingo mtupu baina ya mwisho wa mifereji na lebo, utaona nambari nyingine iliyochorwa kwenye plastiki yenyewe. Hiyo huniokoa lebo ikibanduka au ikiliwa na mende. Lebo pia inasema Nairobi, maana bendi za hapa kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilivuka mpaka kwenda kurekodi. Kwetu hakukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Na pembeni kuna mhuri wa wino wa zambarau wa mwenye mali wa kwanza. Hayo yote hayakuingia kwenye Track 07.

Sisemi santuri ina sauti tamu kuliko zote. Nyingine zimechakaa hadi zinakaanga kama samaki. Ninachotetea ni asili, kwa sababu nakala ikikosewa unairudia asili. Hili nimelijua kwa hasara. Mwaka 2005 nilihamisha kanda kama arobaini za taarabu za harusini, nikazigawa zote nikijisifu nimepata nafasi. Miaka baadaye nikasikiliza kwa spika nzuri: tari linasikika kama mtu anapiga mto. Hedi ya deki yangu, kile kichwa kinachosoma utepe, ilikuwa imeinama kidogo tu. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde; kwa mwendo huo wa pole, hedi ikiinama kiasi cha unywele, sauti kali zote zinapotea. Kanda ningekuwa nazo, ni kazi ya wiki mbili. Sinazo.

Siku hizi kabla ya kila kanda nachukua bisibisi ndogo, naigusa ile skrubu yenye springi ubavuni mwa hedi, naizungusha taratibu huku nasikiliza mpaka njuga za tari zing'ae. Kila kanda na kipimo chake, maana kila moja ilirekodiwa kwa redio kaseti tofauti.

Utunzaji hauna uchawi. Santuri zisimame wima, zisilazwe, mbali na dirisha. Jua la saa nne tu linaweza kuzikunja kama papadi. Kanda unyevu wa pwani huzitia ukungu mweupe, basi zikaguliwe na kuzungushwa kila baada ya muda. Zile za dakika 120 utepe wake ni mwembamba mno, redio huzila kama tambi. Na wenye zile nzito za mizunguko 78, za enzi ya Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928: msizisafishe kwa spiriti. Si plastiki zile, zimetengenezwa kwa lakri, na spiriti huiyeyusha. Sindano nayo iwe nene ya kwake. Ile ya 45 huzama chini ya mfereji ikaokota vumbi tu.

Kijana alisikiliza upande B hadi mwisho, akaurudia. Kisha akaomba nimwekee kwenye flashi. Nimemwekea sehemu zote mbili, na jina la faili nimeliandika lote kama lilivyo kwenye lebo, mtunzi na nambari. Simu yake inalionyesha nusu.