Kufuatilia gari la mtu bila ridhaa: sheria inamaanisha nini hasa?

Traka, kifaa cha kuonyesha gari liko wapi, ni kiboksi cheusi tu, ukubwa wa kiberiti, ndani kina laini ya simu na nje kina sumaku. Mtu anainama sekunde mbili anakibandika chini ya bampa anaondoka zake, kuanzia hapo anaona kwenye simu yake umelala wapi, watoto umewashusha shule gani, kazini unatoka saa ngapi. Traka yenyewe ni halali, watu wanafunga kwenye magari yao kwa kuogopa wizi. Kinacholeta kosa ni kukosekana kwa ridhaa.

Sasa ridhaa ya nani? Hapa ndo wengi tunachanganya. Chukua California kule Marekani, kifungu cha 637.7 cha sheria yao ya jinai kinakataza kutumia kifaa cha namna hiyo kujua mtu yuko wapi, ila hakikugusi kama aliyesajiliwa kwenye kadi ya gari, au aliyelikodi, amekubali. Yaani bosi akifunga traka kwenye lori lake kifungu hicho hakimbani, lakini ukimbandikia mtalaka wako kwenye gari lake ni jinai, hata kama hela ya kulinunua ilitoka mfukoni mwako. Shida iko kwa wanandoa, kadi ina jina la mume, anayeendesha kila siku ni mke, na mimi naona hapo sheria inamwacha wazi yule anayehitaji kulindwa kuliko wote. Florida, jimbo jingine la huko Marekani, wamesogea kidogo, sheria yao ya 2015 inasema mmoja akishafungua kesi ya talaka, au akiomba amri ya mahakama ya kumkinga na ukatili wa nyumbani, ridhaa iliyotolewa zamani inahesabika imeondolewa, na 2024 wakapandisha adhabu, unaweza kwenda jela hadi miaka 5.

Polisi nao wanabanwa. Huko huko Marekani, kwenye kesi ya mtuhumiwa aitwaye Jones, iliyoamuliwa Januari 2012, askari walifuatilia kwa traka Jeep iliyosajiliwa kwa jina la mke wake kwa siku 28, kibali kilikuwa cha kuifunga traka ndani ya siku 10 na ndani ya Washington, wao wakafunga siku ya 11 tena Maryland. Majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu wakasema ule ni upekuzi, yaani Katiba yao inaugusa.

Huku kwetu, Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 ambayo inahesabu taarifa za mahali mtu alipo kuwa data binafsi, na inataka ridhaa iwe ya hiari na ya wazi, ila mambo ya binafsi na ya nyumbani imeyaweka pembeni, na huko ndiko kufuatiliana kwingi kunakotokea. Tanzania nayo ina sheria kama hiyo, ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023.

Ukikikuta kiboksi hicho kwenye gari lako usikirukie kukitoa, maana aliyekiweka ataona kimezima na atajua umeshtuka, kipige picha kikiwa palepale halafu endesha na gari lenyewe mpaka kituo cha polisi.