"Faze" si "phase", na kompyuta haitakuokoa

Barua za kuomba kazi zinazoletwa kuhaririwa hapa Kisumu zina sentensi moja sugu: "I am not phased by pressure." Mwombaji anataka kusema presha haimbabaishi. Alichoandika ni kwamba presha haimpangi kwa awamu.

"Ni sawa, kompyuta haikupiga mstari mwekundu." Hii ndiyo inayochosha zaidi. Mstari huo hutokea neno lisipokuwemo kwenye kamusi ya programu, na "phased" limo. "Phase" ni awamu. Ndiyo fezi anayoitaja fundi wa umeme akiunganisha mashine ya posho. Likiwa kitenzi, "phase out" ni kuondoa kitu hatua kwa hatua. Asili yake ni Kigiriki. "Faze" ni kubabaisha, na lilianza kuandikwa Marekani karne ya 19, likitokana na neno la Kiingereza cha kale la kufukuza au kutimua. Matamshi ni yale yale, ukoo mbali. Jaribu hivi: weka "awamu" mahali pake, ikikubali, andika kwa ph. Ikikubali "babaisha", andika kwa f na z. Kwa hivyo asiyebabaika ni "unfazed", wala si "unphased".

"Faze na face ni kitu kimoja." Dholuo, lugha ya Wajaluo wa huku, haina sauti ya z, ndiyo maana wengi huku huishia kwenye s. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, hupenda kuuliza maneno yanayotamkwa sawa, na "face" halitamkwi kama "phase". Weka vidole kooni: kwenye z koo hutetema, kwenye s hunyamaza.

"I fazed when I saw the panel." La! "Faze" ni -babaisha, si -babaika. Kinachobabaisha hutangulia, anayebabaishwa hufuata: "The panel did not faze her." Ukitaka kuanza na mtu, basi "She was not fazed by the panel." Angalia pia kwamba sentensi zote mbili zinakanusha, huko ndiko neno hili limezoea kukaa. "It fazed me" si kosa, ila husikika mara chache.

"Limetokana na fadhaa." Yamefanana sauti tu. Fadhaa ni la Kiarabu.

Halafu "faze" ni neno la mazungumzo zaidi kuliko la barua rasmi. Kwenye maombi ya kazi andika "I stay calm under pressure". Maana ni ile ile, na hakuna tahajia ya kukuponza.