Krismasi haiishi Desemba 25

Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, wengi huona Krismasi imekwisha sufuria la pilau likishaoshwa. Sivyo. Katika kalenda ya Kanisa Katoliki, Majilio, yaani majuma ya kuingoja Krismasi, ni matayarisho tu. Noeli yenyewe huanza jioni ya Desemba 24, oktava yake, yaani siku nane za kwanza, hufika Januari 1, na kipindi hufungwa kwa sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mwezi Januari. Mungu kuja kukaa na watu ni jambo zito mno kwa siku moja.

Siku hizo zinafaa sana kuupima mwaka. Usingoje mkesha wa Desemba 31, ukiwa umechoka. Kaa na daftari Desemba 27, pitia mwezi baada ya mwezi: madeni, ahadi, watu mliokosana nao. Anza na hao wa mwisho, hata kama ni kupanda meli hadi Nansio, kisiwani Ukerewe.